Tenda Wema, Kisha Uandike?

Barua imetufikia kutoka mbali. Mama mmoja wa kwetu, akaaye na watoto wake watatu katika jimbo la Minnesota huko Marekani, ametuletea swali ambalo tumelifikiri siku nyingi kabla ya kulijibu. Binti yake wa kwanza amemaliza chuo kikuu, na alama zake ni nzuri sana. Sasa ataka kusomea sheria, na vyuo avitamanivyo ni vile ambavyo kila mtu huvitamani. Katika karatasi za maombi amekuta mahali panapomtaka aeleze shughuli zake za nje ya masomo: vyama alivyoviongoza, michezo aliyoicheza, kazi za huruma alizozifanya kwa hiari yake. Ameutazama ukurasa huo juma zima, wala hana la kuandika. Miaka yote minne ya masomo yake mama alikuwa akifanya kazi za usiku, na binti ndiye aliyewapikia wadogo zake, akawapeleka shuleni na kuwasimamia masomo yao. Jumamosi na Jumapili alifanya kazi ya mshahara katika makao ya wazee, akiwaogesha na kuwalisha. Saa ya kwenda chamani haikuwapo.

Rafiki yake mmoja amempa shauri. Yeye na wenzake waliandikisha chama cha kuwasaidia yatima wa Afrika. Chama hicho kina jina na kina picha, lakini hakijapata kumsaidia yatima hata mmoja. Rafiki yuko tayari kuliingiza jina la binti katika orodha ya viongozi, kama makamu wa mwenyekiti tangu miaka miwili iliyopita. Mama atuuliza hivi: "Je, huu ni uongo, au ndiyo desturi ya nchi? Wote wafanya hivyo. Mwanangu akikataa, si atakuwa amejinyima mwenyewe?"

Huenda msomaji akadhani kwamba swali hili ni la watu wachache walio ng'ambo. Sisi twaona kwamba latuhusu sote, maana lauliza jambo la zamani sana: je, tendo jema labaki kuwa jema likitendwa ili lihesabiwe? Na yule ambaye wema wake hakuna aliyeuhesabu, afanye nini siku aambiwapo auonyeshe?

Kwanza yafaa tueleze jinsi mambo yalivyo huko, kwa kuwa si kama kwetu. Hapa Tanzania kijana amalizapo kidato cha sita, alama zake ndizo zimfunguliazo au zimfungiazo mlango wa kitivo cha sheria. Hapana amwulizaye kama alicheza mpira. Huko Marekani sheria haisomwi mara baada ya sekondari. Mtu husoma kwanza chuo kikuu miaka minne, katika somo lolote apendalo, ndipo aombe kuingia chuo cha sheria cha miaka mitatu. Vyuo vya sheria vilivyoidhinishwa na Chama cha Mawakili cha Marekani ni karibu 200, wala si vyote vyenye mlango mwembamba. Lakini viko vichache ambavyo jina lake humfungulia mtu milango ya ofisi kubwa na mahakama za juu. Chuo cha sheria cha Yale huchukua wanafunzi wapya wapatao 200 tu kwa mwaka, na kile cha Harvard wapatao 560, hali waombaji ni maelfu.

Waombaji hao hupimwa kwanza kwa mambo mawili: wastani wa alama zao za chuo kikuu, na mtihani uitwao LSAT, ulioanza mwaka 1948, ambao alama zake huanzia 120 na kuishia 180. Mtihani huo haupimi ujuzi wa sheria, bali jinsi mtu asomavyo na jinsi apimavyo hoja. Baada ya hayo mawili huja barua za walimu, insha ya mwombaji kujieleza, na wasifu wake. Na humo katika wasifu ndimo shughuli za nje ya masomo zinamoandikwa. Kwa kawaida shughuli hizo zina uzito mdogo kuliko alama na mtihani. Lakini pale waombaji wengi wanapolingana kwa alama, hata uzito mdogo waweza kuigeuza mizani. Ndipo hofu inapoingia nyumbani.

Tusiwe wepesi wa kuvilaumu vyuo kwa kuuliza. Wakili ni mtu ashikaye mkononi mwake mali na uhuru wa mtu mwingine. Mjane aliyenyang'anywa shamba humwendea yeye. Mfungwa asiye na hatia humngoja yeye. Alama mia kwa mia hazionyeshi kama mtu huyu ataamka usiku kwa ajili ya mteja asiye na fedha. Chuo kikitaka kujua kama kijana amepata kujitaabisha kwa ajili ya mwenziwe, chauliza swali jema.

Walakini swali jema laweza kuulizwa kwa nia mbaya. Katika miaka ya 1920, Chuo Kikuu cha Harvard kiliona vijana wa Kiyahudi wakiongezeka mwaka hata mwaka, kwa sababu walishinda mitihani. Rais wa chuo wakati ule, A. Lawrence Lowell, alitaka idadi yao ipunguzwe. Njia iliyopatikana ilikuwa kuacha kutazama mitihani peke yake, na kuanza kuitazama "tabia" ya mwombaji, ukoo wake, hata picha yake. Hatusemi kwamba wale waulizao leo wana nia ile. Twasema tu kwamba mizani ya tabia si lazima iwe ya haki kuliko mizani ya alama. Na hata pasipokuwa na nia mbaya, wako watu ambao mizani hiyo huwapunja. Kijana ambaye baba yake amlipia chakula na malazi ana jioni tano za kwenda chamani. Yule apikaye na kuosha vyombo hana hata moja. Ukurasa wadai kupima moyo, na mara nyingi unachokipima ni nafasi.

Wazee wetu walitufunza: tenda wema, nenda zako. Maana yake ni kwamba mtendaji asisimame mlangoni kungoja shukrani. Sasa vijana wetu waambiwa kinyume chake: tenda wema, kisha urudi na karatasi. Je, wema ulioandikwa umeharibika? Tukitaka kujibu kwa haki, hatuna budi kutofautisha mambo matatu.

Liko tendo alilolitenda mtu kwa kulipenda lenyewe, likaandikwa baadaye kwa sababu aliulizwa. Hapo hakuna kosa lo lote. Liko tendo ambalo mtu alilianza kwa kutaka lionekane. Hili tusilihukumu upesi. Wengi wetu tumewahi kuanza jambo jema kwa sababu isiyo njema sana: mmoja aliingia kwaya kwa kuwa rafiki zake walikuwamo, mwingine alikwenda kumtazama mgonjwa kwa kuogopa maneno ya jirani. Tulipokwisha kuingia, kazi yenyewe ikatufunza. Kijana aliyekwenda kuwafundisha watoto kusoma ili apate cha kuandika, akaendelea nao hata baada ya kupata mahali chuoni, huyo amepona. Tena liko jambo la tatu, nalo ni lile ambalo halikutendwa kabisa.

Katika jambo la pili twapenda kusema neno moja kwa kuwa latugusa sisi wenyewe. Tumewaona vijana wageni wajao huku kwa majuma mawili. Hupaka rangi ukuta ambao fundi wa kijijini angaliupaka kwa siku moja, hupiga picha na watoto wa makao ya yatima, hurudi kwao. Wako miongoni mwao waliorudi tena na tena, wakajifunza lugha yetu, wakatusaidia kweli, hao twawashukuru. Lakini mtoto aliyepigwa picha siku ile hajui kwamba amekuwa mstari katika wasifu wa mtu. Alimzoea mgeni, kisha mgeni akaondoka, kisha akaja mwingine. Mwenye kutaka kujua kama tendo lake ni la huruma au la kuhesabiwa, na ajiulize: kama pasingekuwapo picha wala cheti, je, ningalikwenda? Na yule niliyemwendea, je, amebaki na faida gani?

Sasa twarudi kwa chama cha yule rafiki. Chama kisichomsaidia yatima hata mmoja hakimo katika jambo la pili, bali katika la tatu. Huo ni uongo, wala desturi ya nchi haiubadilishi jina lake. Tena huko huko Marekani sheria yenyewe imeusema hivyo. Wala mambo haya hayakuanza jana. Lakini lililojulikana zaidi ni lile la Machi 2019, waendesha mashtaka wa Boston walipofichua kwamba wazazi matajiri walimlipa mtu mmoja, William Rick Singer, awaingize watoto wao vyuo vikuu kwa hila. Watoto ambao hawakuwa wanamichezo waliandikwa kuwa wanamichezo hodari. Picha zilitengenezwa, makocha walihongwa, na majibu ya mitihani yalisahihishwa kwa siri. Watu zaidi ya 50 walishtakiwa. Singer alihukumiwa Januari 2023 kifungo cha miaka mitatu na nusu. Mmoja wa wazazi hao alikuwa wakili mkubwa wa New York. Alifungwa mwezi mmoja, na leseni yake ya uwakili ikasimamishwa.

Mama aweza kutuambia kwamba mwanawe hatatoa rushwa, ataandika mstari mmoja tu. Ni kweli kwamba mambo haya mawili hayalingani kwa ukubwa. Lakini na ajue kazi aiombayo ni ya namna gani. Amalizapo chuo cha sheria, mtu huyu hawi wakili mara moja. Huko Marekani kabla ya kuapishwa huchunguzwa tabia yake, na wachunguzi waweza kuzitazama hata karatasi alizojaza alipoomba chuo, wakazilinganisha na maneno yake ya sasa. Mstari mmoja wa uongo ulioandikwa akiwa na miaka 22 waweza kumngoja mlangoni akiwa na miaka 26, akiwa na deni kubwa la karo na bila leseni. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.

Hata hivyo hatupendi binti akatae kwa kuogopa kukamatwa tu. Iko sababu iliyo kubwa kuliko hiyo. "Wote wafanya hivyo," asema mama. Si wote; wako wengi ambao hivi sasa wautazama ukurasa mtupu kama binti yake, wakakataa kuujaza. Nafasi ni chache na zahesabika. Atakayeingia kwa mstari wa uongo atamtoa mtu, na mtu huyo hatakuwa mtoto wa tajiri, maana huyo ana mistari yake tele. Atakuwa binti mwingine, aliyewalea wadogo zake naye akasema kweli.

Hapa twamkumbuka mtu mmoja ambaye Afrika Mashariki ina sababu ya kumkumbuka. Thurgood Marshall alizaliwa Baltimore mwaka 1908. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Lincoln hakuwa kijana wa kupigiwa mfano kila siku. Alipenda mzaha, na alipata kusimamishwa masomo kwa sababu hiyo. Lakini alipenda midahalo, akawa hodari sana katika kushindana kwa hoja. Alipotaka kusomea sheria, chuo kikuu cha jimbo lake kilikuwa hakipokei watu weusi, basi akaenda Chuo Kikuu cha Howard huko Washington. Mama yake, aliyekuwa mwalimu, aliweka rehani pete zake za ndoa na za uchumba ili karo ipatikane. Marshall alikuwa amekwisha oa, naye alikaa kwa wazazi wake. Kila siku alisafiri kutoka Baltimore hadi Washington na kurudi, akafanya kazi katika maktaba ya chuo. Mwaka 1933 alimaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake.

Mwaka 1954 alishinda mbele ya Mahakama Kuu ya Marekani ile kesi iliyokomesha kisheria ubaguzi wa rangi katika shule za serikali. Mwaka 1960 alikwenda London kuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House, akawaandikia rasimu ya haki za binadamu. Katika rasimu hiyo hakulinda haki za wengi tu, bali pia za wachache, Wazungu na Wahindi, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amekulia mahali ambapo wengi hawakuzilinda haki zake. Mwaka 1967 akawa jaji wa kwanza mweusi katika Mahakama Kuu ya nchi yake.

Tukiutazama ujana wa mtu huyu twaona mambo mawili. Midahalo yake ilikuwa shughuli ya nje ya masomo, na ilimfaa, kwa sababu aliipenda kweli, akaendelea nayo mahakamani maisha yake yote. Lakini safari za kila siku na pete za mama yake si chama wala mchezo. Ukurasa ulioachwa kwa ajili ya vyama tu usingalikuwa na mahali pa kuyaandika mambo hayo.

Basi tumwambie nini binti huyu? Kwanza twamwambia kwamba ukurasa wake si mtupu. Ameudhani mtupu kwa sababu kwetu tumelelewa kuona kwamba kumlea ndugu yako ni wajibu, na wajibu hautangazwi. Malezi hayo ni mema, wala hatutaki ayaache. Lakini kujivuna ni jambo moja na kushuhudia ni jingine. Shahidi akiulizwa na hakimu alikuwa wapi usiku ule, hujibu. Hakuna amwitaye mwenye majivuno kwa kuwa amejibu. Binti ameulizwa alikuwa wapi miaka minne. Na ajibu: nilikuwa nyumbani, nikiwalea wadogo zangu wawili kwa kuwa mama alifanya kazi usiku, nilikuwa katika makao ya wazee, saa kadha wa kadha kila juma, tangu mwaka fulani hata mwaka fulani. Viko vyuo ambavyo katika karatasi zao huuliza wazi mwombaji alifanya kazi ya mshahara saa ngapi kwa juma alipokuwa masomoni. Aziandike saa hizo kama zilivyo, asipunguze kwa aibu wala asizidishe kwa tamaa.

La pili, asiugeuze uchovu wa mama yake kuwa bidhaa. Yako maandishi ambayo husudi yake ni kumtoa msomaji machozi, na mwandishi ajua kila chozi litampatia nini. Aeleze kazi, si kuomboleza. Na wale wazee aliowaogesha asiwataje kwa majina wala kwa magonjwa yao. Hawakumkabidhi miili yao ili wapate kuingia katika insha. Mtu ajuaye kutunza siri ya mzee asiyeweza kujisemea amekwisha kuanza kazi ya uwakili.

La tatu ni gumu. Hatumwahidi kwamba akisema kweli atachaguliwa. Yawezekana yeye akakataliwa na yule rafiki akapokelewa, na picha ya siku ya kwanza ya chuo ikaja katika simu yake. Wema hauozi, walisema wazee. Hawakusema kwamba hulipwa mwaka huu. Tungekuwa tunamdanganya kama tungempa ukweli kama dawa ya kupata nafasi, maana hapo ukweli nao ungekuwa shughuli moja zaidi ya kuhesabiwa. Akikataliwa, viko vyuo vingine vizuri ambavyo hutoa mawakili wa kweli kila mwaka. Tena aweza kungoja. Katika vyuo vigombewavyo sana, wengi wa waingiao wamekwisha kufanya kazi mwaka mmoja au zaidi baada ya shahada ya kwanza. Mwaka wa kazi si mwaka uliopotea.

Nasi tulio huku tusijione kwamba tumesalimika. Vijana wetu waombao kazi au ufadhili wa masomo nao wameanza kukusanya vyeti: cheti cha semina ambayo walilala, barua ya chama ambacho hawajui kinakutana wapi. Na mara nyingi ni sisi wazazi tuwaambiao, "Andika tu, nani atakwenda kutazama?" Mtoto husikia humo mafunzo mawili: kwamba aliyoyafanya nyumbani hayana thamani, na kwamba asiyoyafanya yana thamani yakiandikwa. Tukimwambia hayo miaka kumi, tusishangae akiwa hakimu akaandika hukumu ya jambo ambalo hakulisikiliza.

Mama, mwambie binti yako amrudishie rafiki yake jina lile la makamu wa mwenyekiti, kwa upole na bila kumtukana. Kisha aketi mezani, wadogo zake wakiwa wamelala, aandike alikokuwa. Ukurasa ukijaa nusu tu, aupeleke hivyo hivyo.